Mwamuzi Anayetazama Chini ya Gari

Jumapili ya mwisho ya Septemba, kwa desturi, uwanja wa mbio za farasi ulioko Ngong Road jijini Nairobi huwa hauna farasi. Nyasi zake hukaliwa na magari ya zamani, yamepangwa safu kwa safu, boneti zimeinuliwa, na wenyewe wamesimama kando na vitambaa mikononi. Ndiyo siku ya Concours d'Elegance, ambayo chama cha wenye magari ya Alfa Romeo kilianza kuiandaa mwaka 1970. Huonekana pale magari yaliyoundwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, Land Rover zilizozeekea kazini, Mercedes, Volkswagen, Peugeot, na pikipiki za kila namna. Wengine hufunga safari kutoka Uganda. Familia huja na watoto, na watoto huuliza maswali ambayo babu zao tu ndio wanaoweza kuyajibu.

Ukitazama kwa mbali utasema ni siku ya rangi inayometa. Waamuzi hawaridhiki na rangi. Wanakagua bodi, kweli, lakini wanakagua pia injini, viti na buti, na kuna alama zilizotengwa kwa ajili ya sehemu ya chini. Mwamuzi hupiga magoti, akainama, akalitazama tumbo la gari ambalo mpita njia hana haja nalo. Tope lililoganda, oili inayovuja, kutu iliyofichwa, yote humpunguzia mshindani alama. Tena gari lenyewe sharti liwake. Lisipowaka, hata ling'ae namna gani, limebaki kuwa sanamu.

Ndugu zangu wa parokia ya Mosocho, wiki hii nataka tukae na mwamuzi huyo aliyepiga magoti. Mnakumbuka nabii Samweli alivyotumwa nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Alipomwona Eliabu, mrefu na mwenye sura nzuri, alidhani kazi imekwisha. Mungu akamzuia, akamwambia kwamba macho ya mwanadamu huishia usoni, ilhali yeye huangalia moyoni. Tumelisikia somo hilo tangu katekisimu, na kila mara tumelielekeza kwa mtu mmoja mmoja: moyo wangu, moyo wako. Leo nalielekeza kwenye boma zima, na hasa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha dogo, anamolala mama mzee.

Kwanza nimalize habari za magari, maana zina mafunzo ambayo mafundi wetu wa jua kali kule Kisii mjini wanayajua kuliko mimi. Kutu, wanasema, haianzi pale unapoiona. Huanzia katika mikunjo ya bati, chini ya mazulia ya sakafu, nyuma ya magurudumu ambako maji ya mvua hukaa. Mteja mwenye haraka humwambia fundi apake rangi tu, kuna harusi Jumamosi. Fundi akikubali, gari litapendeza siku ya harusi, na baada ya miezi michache rangi itavimba na kubanduka, na chini yake bati litakuwa limeliwa zaidi kuliko mwanzo. Fundi mwenye dhamiri hukata sehemu iliyooza, akachomelea bati jipya, akapiga msasa, akatangulia na rangi ya kuzuia kutu, ndipo akapaka ile ya kuonekana. Sehemu kubwa ya kazi yake haitaonekana kamwe na mtu aliyesimama wima.

Jambo la pili wanalojua ni kwamba gari kuukuu huuawa na kusimama zaidi ya linavyouawa na safari. Ukiliacha chini ya mwembe miaka miwili kwa kulionea huruma, petroli huganda kama gundi ndani ya kabureta, mipira ya breki hukauka na kupasuka, betri hufa, panya huhamia kwenye viti. Ndiyo maana wenye magari haya huyatoa barabarani mara kwa mara. Ndiyo maana pia tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya Safari kwa magari ya zamani, ambayo hupita kwenye vumbi na mawe ya Afrika Mashariki yakiwa na umri wa kustaafu.

Wazee wetu hapa Gusii hawahitaji kuelezwa thamani ya gari la zamani. Muulize yeyote aliyesafiri kwenda Nairobi miaka ya sabini au themanini, atakutajia Peugeot ya mizigo nyuma, abiria wamebanana, kuku chini ya kiti, na dereva ambaye alijua kila kona ya mteremko. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na katika mashindano ya 1963 na ya 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapa jirani, alishinda akiendesha Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alikwenda na ndugu yake Jaswant, na wakayaacha nyuma magari mapya yaliyotoka viwandani. Naipenda habari hiyo kwa sababu inakanusha jambo ambalo vijana wetu wamefundishwa kuliamini, kwamba kilichotumika kimekwisha.

Sasa nije kwenye kalenda. Siku chache tu baada ya maonyesho yale ya Ngong Road inafika tarehe 1 Oktoba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 iwe Siku ya Kimataifa ya Wazee. Kanisa nalo lina yake: Papa Fransisko mwaka 2021 aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee iadhimishwe Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliofikia miaka sitini na kuendelea. Wengi wao hawako Nairobi. Wako vijijini, kwenye mashamba yaliyogawanywa na kugawanywa tena, kama hapa kwetu ambako kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 katika kila kilomita ya mraba.

Lakini sisi Abagusii tunayo siku yetu wenyewe ya kuwaonyesha wazee, na tunaijua sote. Ni siku ya mazishi.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ninasimama kwenye mazishi mengi, na nimeona yanavyofanana. Omong'ina, mama mzee, amefariki. Kikundi cha WhatsApp kinaundwa kabla jua halijatua, kamati inakaa, bajeti inaandikwa. Barabara ya kuingia bomani, ambayo kwa miaka mingi ilimfanya ashindwe kufika zahanati wakati wa mvua, inamwagiwa changarawe kwa siku mbili. Nyumba yake inapakwa rangi. Vioo vya dirisha vilivyovunjika na kuzibwa kwa magunia vinawekwa vipya. Hema zinafika, viti vinafika, vipaza sauti vinafika, picha yake kubwa inachapishwa na kuwekwa kwenye fulana za wajukuu. Gari la maiti lililooshwa likang'aa linamleta polepole, na msafara nyuma yake umewasha taa. Kisha mwana wa kwanza anasimama kusoma wasifu, na katika wasifu huo mama ni nguzo, ni taa, ni malkia.

Sikatazi mtu kumzika mamaye kwa heshima. Kilio ni haki yake, na kukutanika ni haki yetu. Ninachouliza ni nini kilikuwa chini ya rangi ile. Yule malkia alikuwa na mtoto wa jicho kwa miaka mitatu, na upasuaji wake ungegharimu chini ya bei ya hema zile. Alikuwa akila viazi vilivyopondwa kwa sababu meno yalikuwa yamekwisha na hakuna aliyeuliza. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vikiisha tarehe kumi na tano, na nusu ya pili ya mwezi alimtegemea Mungu. Hayo yote hujulikana na mtu mmoja au wawili tu, na siku ya mazishi mtu huyo hapewi kipaza sauti. Yuko jikoni, anapika.

Yesu alilizungumzia jambo hili, na kwa ukali ambao hatuupendi. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko anawakabili watu wa dini waliobuni njia ya kukwepa amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mtu alitangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ameiweka wakfu kwa Mungu, na walimu wake wakamwachilia asiwafanyie wazazi lolote tena. Yesu anawaambia kwamba wamelitangua neno la Mungu kwa ajili ya mapokeo yao. Nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaotoa sana katika harambee za kanisa. Nawashukuru. Paa la kanisa ni zuri. Lakini ikiwa shilingi uliyotoa ilikuwa ya dawa za babako, sina mamlaka ya kuipokea, na Mungu hajaiomba.

Kuna sehemu nyingine ya Maandiko ambayo mara nyingi hupitwa bila kusomwa, katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya tatu. Mwana anaagizwa amtunze babaye katika uzee wake na asimhuzunishe maadamu yu hai. Kisha mwandishi anaongeza jambo ambalo daktari wa leo angelitambua mara moja: hata akili za mzee zikipungua, mvumilie, usimdharau wewe uliye na nguvu zako zote. Maneno hayo yaliandikwa yapata miaka mia mbili kabla ya Kristo. Watu wa wakati ule walikuwa wamewaona wazee wakisahau majina ya watoto wao, wakitoka nje usiku, wakirudi kwenye boma la utotoni ambalo halipo tena, wakimtuhumu mkaza mwana kwamba ameiba blanketi. Waliyaona hayo wakayaita kwa jina lake, kupungua kwa akili, wakaagiza uvumilivu.

Sisi tumeyaita kwa jina gani? Tusijifiche. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto katika vijiji vya Gusii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, hapa jirani Marani, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma hiyo hiyo. Katikati ya matukio hayo mawili yaliyoandikwa magazetini, kuna mengine ambayo hayakuandikwa. Watu wanaoyafuatilia mambo haya wanataja sababu mbili ambazo hata sisi tunazijua tukiacha kuogopa. Ya kwanza ni shamba: mjane mzee ameketi kwenye kipande ambacho mtu anakitaka. Ya pili ni ile ya Yoshua bin Sira. Bibi amekutwa saa nane za usiku kwenye shamba la mahindi la jirani, nguo zimemvuka, hajui amefikaje. Ni mgonjwa, amepotea, anaona baridi. Badala ya kushikwa mkono na kurudishwa kwake, anapigiwa mayowe.

Hakuna Mkristo anayeweza kuyasikia mayowe hayo akabaki nyumbani akisema hayamhusu. Ukiwa kiongozi wa jumuiya, ukiwa mzee wa mtaa, ukiwa kijana wa bodaboda uliye barabarani usiku kuliko sisi sote, wajibu wako ni kufika pale kwanza na kusimama mbele ya bibi huyo mpaka chifu na polisi wafike. Nalisema hili nikijua kwamba ni hatari. Wanafunzi wa Yesu walikimbia usiku ule bustanini, na hata hivyo mmoja wao alirudi akasimama chini ya msalaba pamoja na wanawake. Huyo ndiye Bwana aliyemwachia mama yake, na Injili inasema tangu saa ile alimchukua nyumbani kwake. Hakukuwa na kamati wala bajeti. Alimkaribisha kwake mtu mzima mwenye maumivu, mwenye mazoea yake, na bila shaka asiyelala usiku.

Mosocho ina sababu ya pekee ya kulijali hili. Shule yetu ya wavulana inaitwa kwa jina la Kardinali Maurice Otunga, aliyekuwa Askofu wa Kisii tangu mwaka 1960 hadi 1969 kabla ya kwenda Nairobi. Alikuwa mwana wa chifu mkubwa wa Wabukusu na angeweza kurithi kiti cha babaye. Akafanywa kardinali mwaka 1973, Mkenya wa kwanza. Mtu wa cheo hicho angepata nyumba ya peke yake na watumishi. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyumba ya Wazee, Nairobi, kwa Masista Wadogo wa Maskini, miongoni mwa wazee wasio na mtu, akifuata ratiba yao na kula chakula chao. Alifariki Septemba 2003. Wavulana wanaovaa jina lake kwenye sweta wanapaswa kuijua sehemu hiyo ya maisha yake kama wanavyoijua kofia yake nyekundu.

Nirudi kwa wale walio jikoni. Katika kila boma lenye mzee kuna mtu anayefanya kazi ya chini ya gari. Mara nyingi ni mkaza mwana, au mjukuu wa kike aliyeacha shule muhula mmoja ambao haujaisha. Yeye ndiye anayebadilisha shuka saa kumi alfajiri. Anajua ni upande upi wa mgongo wenye kidonda, ni chai ya joto kiasi gani, ni wimbo upi unaomtuliza babu anapoanza kuita marehemu. Anakata kucha za miguu ambazo zimekuwa ngumu kama pembe. Hatutangazi jina lake kwenye misa ya shukrani. Ndugu wanaotuma pesa kutoka Nairobi, Doha au Minnesota hupiga simu kuuliza, “Mama anaendeleaje?” na ni wachache wanaouliza, “Na wewe?” Mungu anayepiga magoti kutazama chini ameiona kazi hiyo. Naomba na sisi tuione, na kuiona maana yake kumpokea zamu ya wiki mbili ili alale, na kumlipia karo ya muhula ule.

Na wazee wenyewe wasiachwe chini ya mwembe. Nimesema gari linalosimama ndilo linaloharibika. Basi tuwape wazee kazi inayolingana na nguvu zao. Magokoro, bibi yetu, anajua aina za mboga za kienyeji ambazo binti zake wanazinunua soko la Daraja Mbili bila kujua kuzipanda. Sokoro, babu yetu, anajua mpaka wa shamba ulipita wapi kabla ya mti kukatwa, na neno lake lingeweza kuokoa kesi. Kuna wachache waliobaki wanaoweza kupiga obokano na kueleza kwa nini nyuzi zake ni nane. Naomi aliporudi Bethlehemu alisema ametoka amejaa na amerudi mtupu, naye alikuwa mzee, mjane, amefiwa na wana.  Mkwewe Ruthu alipojifungua, Naomi alimchukua mtoto, akamweka kifuani, akawa mlezi wake. Mtoto huyo alikuwa Obedi, babu yake Daudi.

Kuhusu serikali nitasema kidogo. Mzee aliyefikisha miaka 70 anastahili kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini huwa kuna wazee wasioandikishwa kwa sababu kitambulisho kimepotea au alama za vidole zimefutika kwa jembe na mashine haizisomi. Vijana wenye simu, hiyo ni kazi yenu. Mfuateni chifu, mfuateni tena. Na pesa zikifika, ziishie mikononi mwa mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa juma hili. Kila jumuiya ndogo ndogo itakutana katika nyumba ya mzee mmoja asiyeweza tena kufika kanisani, na kabla ya rozari wanaume wachunguze kitanda, paa, choo na njia ya kwendea choo usiku, kisha wapange nani atarekebisha nini na lini. Kina mama wa Mtakatifu Anna wataandika majina ya wazee wenye shida ya macho tuwapeleke hospitali kwa pamoja. Wenye magari katika parokia hii, gari liwe jipya au kuukuu, mtaniletea majina yenu baada ya Misa. Jumapili ijayo, kuanzia saa mbili asubuhi, mtazunguka vijijini kuwachukua wazee. Viti vya mbele ni vyao. Wengine hushikwa na haja ghafla na wengine hutapika kwenye kona, basi tandikeni shuka na mwende polepole, na mkifika msiwaharakishe kushuka.